Soko la nyumba: Ukabila waingia katika bei ya gunia

ISSUNA, Singida: Alizeti ikishavunwa, wanunuzi kutoka nje huanza kushuka katika vituo vya barabara ya Manyoni–Singida. Kabla ya gunia, kila mmoja hutafuta chumba.

Issuna ni kata ya Wilaya ya Ikungi, na wenyeji wake wengi ni Wanyaturu. Soko la mazao la mahali kama hapo hutegemea fedha za watu wa makabila mengine. Mwenye nyumba anapouliza "mtu wa wapi?" kabla ya kutaja kodi, ushindani umeshapungua.

Hesabu ni nyepesi. Mfano ni chumba cha Sh. 30,000 kwa mwezi. Mwenyeji akiruhusiwa kulipa kila mwezi, na mgeni akadaiwa miezi sita mbele, mgeni atatoa Sh. 180,000 ingawa atakaa miezi mitatu. Sh. 90,000 za ziada, zikigawanywa kwa magunia 300, ni Sh. 300 kila gunia. Mnunuzi atazikata katika bei ya mkulima.

Katiba, katika ibara ya 13, inakataza ubaguzi wa kabila na mahali mtu alipotoka. Ibara ya 17 inampa raia uhuru wa kuishi popote nchini. Hata hivyo, Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na masharti ya kodi yakaachiwa makubaliano. Viwanja vya kijiji navyo, chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, husimamiwa na halmashauri ya kijiji, ambako mgeni hupeleka maombi.

Taifa linaijua gharama ya kutenga watu. Dar es Salaam ya wakoloni iligawanywa: Wazungu Oyster Bay, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000. Sheria haikutaja rangi, lakini wenye majengo wengi walikuwa Waasia, na wengi wao walihama nchi pamoja na mitaji yao.

Mwelekeo wa soko: kijiji chenye kodi moja kwa wote kitavuta wanunuzi wengi. Kinachochagua makabila kitabaki na mnunuzi mmoja, na bei ataipanga yeye.