Mgeni Mlangoni pa Msikiti: Masisi na Walikale

Ijumaa jua likifika utosini, Waislamu wa Masisi na Walikale huacha duka, shamba au machimbo na kushika njia ya msikiti. Hawako wengi. Katika wilaya hizi mbili za Kivu Kaskazini, majirani zao wengi ni Wakatoliki, au Waprotestanti wa makanisa kama CBCA na CEPAC. Wapo waliokua wakisikia adhana tangu utoto, na hadi leo hawajui kinachofanyika ndani.

Uislamu una mizizi mirefu mashariki ya Kongo. Katika miaka ya 1860 na 1870, wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na Tabora walijikita Nyangwe na Kasongo, karibu na mto Lualaba. Hamed bin Muhammad, maarufu kama Tippu Tip, aliweka makao Kasongo, na mwaka 1887 akafanywa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu na watumwa, na uchungu wake haufai kufichwa. Ndiyo pia iliyoeneza Kiswahili ambacho Mkristo wa Walikale anasalia leo kanisani.

Vita vya 1892 hadi 1894 na majeshi yaliyoongozwa na Wabelgiji vilivunja utawala wa wafanyabiashara hao, lakini waumini walibaki. Wabelgiji waliwatazama kwa mashaka na wakawapa wamisionari wa Kikristo nafasi kubwa katika elimu. Jumuiya ya Waislamu, COMICO, ilitambuliwa na serikali mwaka 1972. Maniema ndiyo iliyobaki kitovu cha Uislamu nchini, na Walikale inapakana nayo: barabara ya Bukavu kwenda Kisangani hupita Walikale, kisha Lubutu. Hata mto Lowa, unaoanzia milima ya Masisi, hukata Walikale na kuishia Lualaba.

Basi mgeni anayetaka kuingia afanyeje?

Kwanza amtafute imamu au mzee wa msikiti mapema, aombe ruhusa. Siku hiyo avae nguo za heshima: mwanamume suruali ndefu, mwanamke nguo pana na kitambaa kichwani. Viatu huvuliwa mlangoni, kwa sababu waumini huweka paji la uso sakafuni. Simu izimwe. Mwanamke ataonyeshwa sehemu ya wanawake, na asishangae mwanamume akimsalimu kwa kuweka mkono kifuani badala ya kumpa mkono.

Nje ataona watu wakitia udhu kwa maji ya bomba au ya bidoni. Huosha viganja, husukutua kinywa, husafisha pua, huosha uso na mikono hadi viwikoni, hupaka maji kichwani, kisha humalizia kwa miguu. Mgeni halazimiki kufanya hivyo.

Ndani hakuna sanamu wala picha. Ukuta wa mbele una mihrabu, yaani kishubaka kinachoonyesha upande wa Maka. Kutoka Kivu, Maka iko kaskazini, ikielekea kidogo mashariki, kwa hiyo safu zote hutazama huko. Mgeni huketi nyuma na hakatizi mbele ya mtu anayesali. Siku ya Ijumaa imamu hupanda mimbari kutoa hotuba, kisha husalisha rakaa mbili.

Sala za kila siku ni tano, na kwa kuwa eneo hili liko karibu na ikweta, nyakati zake hazisogei sana: sala ya magharibi huangukia karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Hata funga ya Ramadhani hapa huchukua takriban saa kumi na tatu kila mwaka, wakati Ulaya ya kaskazini hurefuka sana inapoangukia kiangazi.

Ziara hizi zina uzito wake katika Kivu Kaskazini ya sasa. Mauaji ya ADF, kundi la waasi linalojiita la Kiislamu, upande wa Beni yamewafanya watu wengine kumshuku kila Mwislamu, ilhali Waislamu nao wameuawa. Tarehe 1 Mei 2021, Shehe Ali Amini, aliyekuwa akihubiri waziwazi dhidi ya itikadi kali, alipigwa risasi msikitini mjini Beni wakati wa sala ya jioni. Jirani aliyewahi kuketi nyuma ya safu na kusikiliza hotuba ana cha kujibu uvumi unapopita sokoni.

Baada ya sala, waumini wengi hubaki kuzungumza, na huo ndio wakati wa maswali. Mkristo anaweza kuanzia karibu na nyumbani. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryam, nayo inasimulia kuzaliwa kwa Isa. "Shehe, Kurani inasema nini juu ya Mama Maria?" ni swali litakalompa mgeni kiti, na jibu refu.