Wenzako Wako Mbali, na Ni Sawa

Wacha nikuchanue kitu hakuna mtu wa base atakushow, juu hapo kila mtu anajifanya ashaomoka. Kuna hii stage uko saa hii. Uliacha kitu haikuwa inakubamba, na ile mpya bado haijashika. CV umetuma mpaka zimeisha. Doh haiingii. Mbogi imepungua. Ukifungua status za wasee, mmoja ako Diani, mwingine amenunua ndai, mwingine amevalisha dem pete. Wewe uko keja na strungi na mandazi ya jana, unajiuliza kama ulichizi.

Hukuchizi. Kaa hapo hapo.

Najua wazae wanakusumbua. Wako na ngoma moja tu, inaitwa Wenzako. Wenzako wameoa. Wenzako wamejenga. Wenzako wako Qatar. Mathe akipiga simu, salamu haijaisha na wenzako washafika. Mbaya zaidi ni ankoo wa shags, yule aliandikwa kazi enzi za Moi na cheti ya form four, akapewa na nyumba ya kazi, sasa anakuchorea ramani ya job market ya leo. Ankoo, hiyo barabara ilifungwa kitambo! Lakini usimbishie. Sema "sawa ankoo", ongeza chapo, songa.

Wenzako wa kuogopa ni wale wa simu. Ankoo unamskia krisi tu, hao unawafungulia kabla hata hujaosha uso. Na Diani inapostiwa, loan ya app iliyolipa Diani haipostiwi. Wacha nikwambie penye aibu iko. Kudunga mtumba camera ya Gikosh ya soo tatu si aibu, hiyo ni macho. Aibu ni kupiga luku na kicks za ngiri kumi alafu unapanda stairs ukinyata ndio caretaker asikuskie.

Alafu kuna wale wa "mindset". Ticket thao tatu, hoteli ya tao, maji ya chupa, msee wa suti anakushow siri ya maisha ni kuamka saa kumi asubuhi. Buda. Mama mboga wa stage yetu huwa Marikiti saa hiyo akibargain sukuma, na hakuna siku amelipia ticket.

Ukitaka mtu wa kuangalia, angalia Ferdinand Omanyala, yule sprinter. Wasee walimjua 2021 wakadhani alishuka na mvua. Zii. Ferdi alikuwa wa raga, msee wa campo akisoma chemistry pale UoN, ndio akashowiwa ajaribu mbio za mita 100. Sasa fikiria, Kenya hii ya kina Kipchoge, unaambia watu wewe utakuwa sprinter. Ni kama kuuza barafu Limuru. 2016 time yake ilikuwa 10.3 na kitu, poa lakini dunia haigeuki kukuangalia. 2017 ikaingia ngori yenyewe: ban ya miezi 14, juu ya betamethasone. Yeye alisema ni dawa alipewa akitibiwa mgongo. Miezi 14, msee. Hakuna race, hakuna makofi, na jina lako likitajwa linatajwa na doping.

Wengi hapo wangeuza spikes. Yeye akarudi. Na 2021 ikafunguka yote mara moja: Tokyo akaingia semi ya Olympics, Mkenya wa kwanza kufika hapo kwa hiyo race, akapiga 10.00. Septemba hiyo hiyo, Kasarani, akachapa 9.77. Bromell wa Marekani alimshinda na 9.76, hewa tu. Lakini record ya Africa ilikuwa 9.84 ya Simbine wa South Africa, na hiyo ilienda. Mwaka uliofuata akabeba gold ya Commonwealth kule Birmingham.

Piga hesabu sasa. Kutoka 10.3 mpaka 9.77 ni nusu sekunde na kidogo. Miaka tano, kwa kitu ya kupepesa macho tu. Hapo katikati angeulizwa "umefika wapi?" angejibu nini? Amekata sehemu mbili kwa mia za sekunde? Ankoo angeanguka na kiti.

Hiyo ndio kitu nakuambia. Kukua hakuonekani ukiwa ndani. Unaona tu saa imekataa kusonga.

Kuna chali wa block yetu anajifunza kinyozi. Mwanzo hakushika mashine, alishika ufagio. Nywele za chini, yeye. Taulo za moto, yeye. Kuosha vichwa na kupaka wasee spirit wakipiga nduru, yeye. Mbogi ilimcheka noma. Baadaye akapewa watoi wa primo, Jumapili jioni, wale wa Jordan yote, juu kipara haina maswali. Fade ni story ingine. Unaanza chini na mashine wazi, unapanda na guard ndogo, alafu kubwa yake, na kati ya kila moja inabaki laini. Hiyo laini lazima ipotee. Ukiharakisha, msee anatembea na laini yako kwa kichwa wiki mbili, mtaa mzima ukisoma. Majuzi nimemwangalia akifuta moja tu. Kona ya mashine ndio inagusa ngozi, mkono haitetemeki, anapuliza nywele, anageuza kichwa kwa mwangaza wa mlango, anarudi tena. Mwenye kinyozi alikuwa nyuma yake kwa bench, macho kwa simu, hata hakuangalia. Zamani angempokonya mashine.

Trust inajengwa hivyo, hata ya kujitrust mwenyewe. Hukuamka nayo. Ulifanya kitu kidogo vizuri, ukarudia, ukaanza kujiamini. Kwa hivyo usijiulize kama umefika. Jiulize kama fade ya leo inashinda ya Christmas. Kama iko mbele hata kidogo, tulia, endelea. Kama imesimama kabisa, badilisha vile unafanya, tafuta mtu akushow, lakini usitupe mashine juu tu mwenzako amenunua Vitz.

Na tusidanganyane, kungoja inataka fare. Njaa haijui process. Kama ni mjengo wiki mbili, kama ni kushikia beshte duka la M-Pesa, enda. Hakuna aliyeshuka level hapo, umejinunulia muda tu. Chunga Fuliza, hiyo inakupatia saa mbili za raha na asubuhi ya aibu.

Kitu ya mwisho, uko na beshte mmoja. Si yule wa "uko sawa bro" na emoji ya moto. Yule alikuambia CV yako ni mbaya alafu akakaa na wewe mpaka saa sita usiku mkiirekebisha. Huyo mwambie vile uko, yote, hata rent. Na mpigie simu leo, usitext. Blue tick itakumaliza bure.