Bidhaa Zinapoimba: Ndugu Marx Katika Duka Kubwa

Senema ya muziki na vichekesho ina deni kwa mtazamaji ambalo senema za namna nyingine hazina: yaipasa kuonyesha kwa nini mtu aliyekuwa akisema maneno ya kawaida ameyaacha ghafula akaanza kuimba, wala hakuna aliye karibu naye anayestaajabu. Deni hilo lisipolipwa, wimbo huwa mgeni asiyealikwa. Hadithi husimama ikampisha, na akiisha kupita huendelea kana kwamba hakuja. Likilipwa, wimbo na mzaha huzaliwa na mahali penyewe na vitu vilivyopo, hata mtazamaji akadhani kwamba visingaliweza kutokea pahali pengine popote. Kwa kipimo hicho napenda kuitazama The Big Store, yaani Duka Kubwa, senema ya ndugu Marx, wachekeshaji, iliyotolewa Marekani mwezi wa Juni mwaka 1941 na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, chini ya uongozi wa Charles Reisner, kwa sababu ndani yake deni hili limelipwa kwa ukarimu mara kadhaa, na mara nyingine limesahauliwa.

Kwanza yafaa kujua duka linalosemwa ni duka la namna gani. Katika karne ya 19, Aristide Boucicaut aliikuza Le Bon Marché ya Paris kwa desturi zilizokuwa ngeni kwa wanunuzi wengi: bei iliandikwa juu ya bidhaa, ikawa moja kwa tajiri na kwa fakiri, na mtu aliruhusiwa kuingia, kutazama na kushika bila ya kulazimika kununua. Huko Marekani, Macy's katika New York, Wanamaker katika Philadelphia na Marshall Field katika Chicago wakashika njia hiyo hiyo, na lifti ya abiria ya Elisha Otis, iliyowekwa katika duka moja la New York mwaka 1857, ikafungua mlango wa kuuza katika ghorofa za juu kama ilivyouzwa chini. Aliyezoea soko la kupatana bei ataona mara moja kilichopungua humo: mazungumzo ya muuzaji na mnunuzi yameondolewa, na mahali pake pamejazwa maonyesho. Taa, vioo, mazulia na sanamu zilizovikwa nguo ndizo zilizopewa kazi ya kushawishi, kazi iliyokuwa ya ulimi. Muziki nao haukuachwa nje, kwani Wanamaker aliweka katika ukumbi wa duka lake kinanda kikubwa mno cha mabomba, kikaanza kupigwa mwaka 1911 mbele ya wanunuzi. Basi Hollywood haikulibuni duka kuwa jukwaa. Ililikuta ni jukwaa tayari.

Hadithi ya senema yenyewe ni nyepesi. Mwenye duka la Phelps amefariki, na nusu ya mali imemwangukia mpwa wake Tommy Rogers, mwimbaji, ambaye anataka kuuza fungu lake ili ajenge chuo cha muziki. Nusu ya pili ni ya shangazi yake, Martha Phelps. Meneja wa duka, Bwana Grover, amekusudia kumwondoa kijana huyo duniani na kumwoa shangazi, ili mali yote imfikie yeye. Bibi Martha kwa hofu anamwajiri mpelelezi asiye na kazi, Wolf J. Flywheel, aje amlinde mpwa wake. Groucho Marx ndiye Flywheel. Nduguye Harpo ni Wacky, msaidizi wake asiyesema neno. Ndugu yao Chico ni Ravelli, rafiki wa Tommy. Bibi Martha ni Margaret Dumont, ambaye hii ilikuwa senema yake ya saba na ya mwisho pamoja na ndugu hao, na ambaye utulivu wake wa heshima ulikuwa ukuta ambao maskhara ya Groucho yalihitaji kuupiga ili yasikike.

Hapa ndipo ninapoona hikima ya kuwaleta watu hawa dukani. Groucho ni mtu wa maneno yasiyokatika: husifu, hutukana, huposa na hudanganya katika sentensi moja. Akiingia katika nyumba ambayo bei iliyoandikwa imeyanyamazisha mazungumzo, huyarudisha yote kwa nguvu, na mpango wa duka hutikisika. Katika wimbo wa kuwahimiza wauzaji wauze huku wakiimba, anapita katikati ya idara na wafanyakazi wakimwitikia, kila mmoja kwa mtindo wake. Wimbo huo hauhitaji udhuru wowote, kwa sababu unakifanya kwa sauti kile ambacho duka hukifanya kwa taa na vioo. Humo humo mwimbaji Virginia O'Brien anauimba wimbo wa kubembelezea mtoto kwa mwendo wa haraka, uso wake umekauka, hauchezeshi hata unyusi, na kutopatana huko kwa uso na sauti ni kichekesho kamili.

Katika idara ya vitanda mzaha huo hufika mbali zaidi. Mzee wa Kitaliano amekuja na mkewe na kundi la watoto, na vitanda vya duka ni vya aina iliyofichwa, ambavyo kwa kubonyezwa kitufe hutokea ukutani na sakafuni kisha hurudi vilikotoka. Vinatokea, vinazama, na watoto wanazama navyo, hata baba hajui tena nani yupo na nani hayupo. Kifaa kilichobuniwa kuwaondolea watu dhiki ya nafasi kimewaondoa watu wenyewe. Tanbihi ni kwamba hakuna kilicholetwa kutoka nje: kitanda, ukuta, kitufe na mnunuzi ni vitu vya duka, na kichekesho kimetoka katika kuitii ahadi ya muuzaji mpaka mwisho wake.

Lakini lulu ya senema hii ni Harpo. Anavaa mavazi ya kiungwana ya karne ya 18 na wigi jeupe, kisha anaketi mbele ya kinubi baina ya vioo virefu viwili. Kwanza vivuli vyake viooni vinamfuata, kama ilivyo ada ya kioo. Halafu kimoja kinaasi: kinashika fidla, cha pili kinashika fidla kubwa ya sauti nzito, na mtu mmoja amekuwa watatu, wakipigiana muziki na kutazamana kwa furaha na wivu mdogo. Kwa ufundi, jambo hili ni picha kadhaa za mtu mmoja zilizopigwa mbalimbali kisha zikaunganishwa katika picha moja, na ugumu wake ni kwamba kila Harpo sharti aende na mapigo ya wenzake ambao hawapo naye. Harpo mwenyewe alijifunza kinubi pasipo mwalimu, wala hakuweza kusoma noti. Kioo cha duka huwekwa ili mnunuzi ajipende zaidi. Yeye amekigeuza kikamzalia ndugu wawili.

Insafu yanidai niyataje mapungufu. Tangu A Night at the Opera ya mwaka 1935, mtayarishaji Irving Thalberg aliwawekea ndugu hawa kanuni ya kuchanganya vichekesho, mapenzi ya vijana wawili na nyimbo kubwa. Kanuni hiyo iliwafaa mikononi mwake, walakini baada ya kifo chake mwaka 1936 iliendelea kufuatwa kama desturi. Ndiyo maana Tony Martin, katika sura ya Tommy, anasimamisha kila kitu ili aimbe Tenement Symphony, wimbo mzito wenye okestra na watoto, unaosifu sauti za Mayahudi, Waayalandi na Wataliano waliobanana katika nyumba za maskini mjini. Maana yake ni njema, na ndugu Marx wenyewe, wana wa wahamiaji, walikulia katika New York ya namna hiyo. Ila wimbo huu ungaliweza kuimbwa katika senema yoyote, duka halikuuzaa. Mbio za mwisho kwa viatu vya magurudumu, ingawa zina haraka, zimewategemea mno waigizaji mbadala, kwani mwaka ule Groucho alikuwa na miaka 50, Harpo 52 na Chico 54. Charlie Chaplin, aliyevaa viatu kama hivyo katika duka la usiku kwenye Modern Times ya mwaka 1936, aliteleza mwenyewe, na mtazamaji huijua tofauti ya mwili unaojihatarisha na mwili uliokodiwa.

Senema hii ilitangazwa kuwa ya kuagana, ingawa ndugu hao walirudi mwaka 1946 kwa A Night in Casablanca, na wajuzi wengi wameiweka katika safu ya chini ya kazi zao. Kwa ujumla wake sina hoja ya kuwapinga. Lakini anayetaka kujifunza jinsi ya kuuingiza wimbo katika hadithi hatapata darasa lililo wazi zaidi, maana makosa na usahihi vimekaa humo jirani, katika jengo moja na kwa mikono ile ile. Na atazame kwa makini wakati gani Harpo anagusa kitu cha duka na wakati gani hakuna anayegusa kitu, kwani mpaka wa ubora wa senema hii umepita hapo.