Kamani za Gari la Zabibu

Baadhi ya wanachama wetu wamefanya shirika, nao wataka gari la kuundwa makusudi: kwenda lichukue watu, kurudi lichukue kreti za zabibu kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, zikaingie chomboni. Wametuuliza habari ya kamani, au springi kama wasemavyo mafundi wa bara. Swali hili lina fedha ndani yake, maana zabibu si karafuu kavu; zikitikiswa hupondeka, na iliyopondeka huozesha jirani yake.

Barabara kuu ina lami. Taabu ni njia za kuingilia mashambani, kama pande za Hombolo na Mpunguzi, ambako udongo uliokanyagwa wakati wa mvua hukauka ukawa mifereji migumu.

Natupige hesabu ya mfano. Kila kamani ya nyuma yachukua kilo 300 gari likiwa tupu, na kilo 800 likijaa. Ikiwa kamani ni laini, yenye kushuka sentimita 1 kwa kila kilo 50, shehena itaishusha sentimita 10. Na ikiwa nafasi iliyopo mpaka kwenye mpira wa kuzuia ni hizo hizo 10, basi kila shimo litakuwa pigo la chuma. Fundi akiongeza vyuma hata ikashuka nusu ya hapo, gari tupu litarukaruka kama mbuzi, na abiria watalalamika kwa haki.

Dawa ya zamani ni kamani ya msaada, isiyoguswa mpaka gari lishuke, tuseme, sentimita 4. Hapo huingia kazini. Ikiwa yachukua kilo 100 kwa sentimita, zile kilo 300 zilizobaki zitashusha sentimita 2 tu, na nafasi ya 4 itasalia. Fundi aweza kuiwahisha au kuichelewesha kwa kuweka vibati chini ya vituo vyake. Hiyo ndiyo kamani ya kurekebishwa tunayoipenda sisi.

Iko mifuko ya hewa, hujazwa kwa pampu mzigo unapopakiwa. Ni mizuri, lakini iwekwe mbali na bomba la moshi na mawe. Citroën DS ya Ufaransa ya mwaka 1955 ilitumia mafuta na gesi ya naitrojeni, na dereva aliinua bodi kwa mkono mmoja tu wa chuma. Ni ufundi wa ajabu, ila mpira ukivuja huko mashambani nani atautengeneza?

Wengine hudhani gari likiinuliwa huongezewa uwezo. Sivyo. Ekseli, matairi na breki ni vile vile, na shokapu kazi yake ni kutuliza mruko, si kubeba.

Kabla ya kumwagiza fundi, mpelekeni gari mzanini mara mbili, likiwa tupu na likiwa limejaa, mkaandike uzito wa ekseli ya mbele na ya nyuma mbalimbali.