Nani Aliipokea Dookie? Utangulizi wa Somo la Mapokezi ya Muziki

Somo la mapokezi ya muziki huanza pale mabishano ya mashabiki yanapofika ukingoni. Shabiki husema albamu ni kali, au bendi imejiuza. Mtafiti huuliza ni nani anayesema hivyo, amesimama wapi, na angepoteza nini lau angesema vingine. Ndugu msomaji, ili uingie humu si lazima ujue kusoma nota wala kupiga gitaa. Unahitaji masikio, subira ya kuchakura majarida ya zamani, na mfano mmoja mzuri wa kuanzia. Wanafunzi wangu huwaanzisha na Dookie, albamu ya tatu ya bendi ya Kimarekani ya Green Day, iliyotoka tarehe 1 Februari 1994. (Jina hilo ni neno la mitaani la kinyesi, wenyewe ndivyo walivyotaka.)

Muziki wenyewe unaitwa pop panki. Umechukua kasi na ukali wa panki, ule wa Ramones wa New York na Buzzcocks wa Manchester miaka ya 1970, ukautia sauti tamu zinazonasa kichwani baada ya kusikika mara moja. Dookie ina nyimbo 14 ndani ya dakika zipatazo 39, na mwishoni kuna mmoja uliofichwa, umeimbwa na mpiga dramu kwa mzaha. Maudhui yake ni ya kijana aliyekwama: kukaa nyumbani bila shughuli, mapenzi yasiyoeleweka, hofu inayomvamia mtu bila sababu. Wimbo wa “Basket Case” ulitokana na mishtuko ya hofu iliyompata mwimbaji Billie Joe Armstrong kabla hajajua kwamba ni ugonjwa wenye jina. Kwa rekodi ya redio ya mwaka 1994, hilo halikuwa jambo dogo.

Armstrong, Mike Dirnt wa gitaa la besi na Tré Cool wa dramu walitokea katika ukumbi mmoja wa Berkeley, California, uliojulikana kwa anwani yake: 924 Gilman Street. Hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Ukumbi uliendeshwa na watu wa kujitolea. Pombe ilipigwa marufuku, watoto wa shule waliruhusiwa kuingia, na bendi iliyosaini mkataba na kampuni kubwa ya kurekodi haikuwa na nafasi jukwaani. Tim Yohannan, mmoja wa walioanzisha ukumbi huo, ndiye pia aliyeongoza jarida la Maximum Rocknroll, ambalo kwa wapenzi wa panki lilikuwa karibu na hakimu. Green Day walitoa albamu mbili za mwanzo, 39/Smooth na Kerplunk, kupitia kampuni ndogo ya hapohapo, Lookout. Ziara walizifanya kwa gari lililokuwa zamani maktaba ya kutembea, dereva akiwa baba yake Tré Cool.

Kisha, mwaka 1993, wakasaini na Reprise, kampuni iliyo chini ya Warner. Mlango wa Gilman ukafungwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walizomewa kwao hata kabla albamu haijatoka.

Ni rahisi kuliita hilo wivu, na wanafunzi wengi huliita hivyo katika insha yao ya kwanza. Naona wanakosea. Katika miaka hiyohiyo prodyuza Steve Albini alichapisha katika jarida la The Baffler makala iliyopiga hesabu ya mkataba wa kampuni kubwa senti kwa senti, akaonyesha jinsi bendi inavyoweza kuuza rekodi nyingi huku wanamuziki wenyewe wakibaki na vijisenti. Hofu ya Gilman ilikuwa na hesabu nyuma yake. Tena ilikuwa hofu ya kupoteza mahali: ukumbi ambao kijana wa miaka 15 aliweza kuuita wake ungegeuka dirisha la wasaka vipaji wa makampuni.

Wasikilizaji wa mbali hawakujua lolote kati ya hayo. Wao waliona video ya “Longview” kwenye MTV, wakaisikia “When I Come Around” redioni. Mwezi Agosti 1994, kwenye tamasha la Woodstock ’94 huko Saugerties, jimbo la New York, watazamaji waliirushia bendi matope nayo ikarudisha. Katika vurumai hiyo mlinzi alimdhania Dirnt kuwa shabiki aliyevamia jukwaa, akamkumba hadi kumvunja meno. Picha zilisambaa, mauzo yakapanda. Albamu ilifika nafasi ya 2 kwenye chati ya Billboard 200, na mwaka 1995 ikapata tuzo ya Grammy ya muziki mbadala. Mwaka 1999 ilithibitishwa kuwa imevuka nakala milioni 10 nchini Marekani.

Takwimu hiyo ya mwisho ishike kwa tahadhari. Uthibitisho wa aina hiyo huombwa na kampuni yenyewe, na huhesabu zaidi nakala zilizopelekwa sokoni. Hautuambii nani alisikiliza, wala alisikia nini.

Ndiyo maana nadharia inatufaa. Hans Robert Jauss, mhakiki wa fasihi wa Ujerumani, alifundisha kwamba kila msomaji huijia kazi akiwa na matarajio yaliyotangulia. Kijana wa Gilman na kijana wa MTV walisikiliza rekodi moja kwa matarajio mawili. Sarah Thornton naye, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu kumbi za dansi za Uingereza, alieleza jinsi vijana wanavyojijengea heshima kwa kujua kile ambacho wengi hawakijui. Mauzo makubwa huimomonyoa heshima hiyo. Thornton namwona ana nguvu zaidi kwa kisa chetu, ingawa Jauss ndiye hunukuliwa mno.

Yaliyofuata yanaivuruga hadithi ya wasaliti na waaminifu. Mwaka 2005 Green Day waliziondoa albamu zao za mwanzo Lookout kwa sababu ya malipo ambayo hawakuwa wamelipwa. Kumbe kampuni ndogo nayo huweza kumwangusha msanii. Mwaka 2015 waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, na mwaka huohuo wakapiga tena Gilman katika onyesho la hisani. Mwaka 2024 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka Dookie katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa. Wapokeaji wa tatu ndio hao, taasisi, na wao hawajachunguzwa vya kutosha. Ukitafuta mada ya tasnifu, anzia hapo.

Lakini kabla ya tasnifu, nakuomba ufanye zoezi moja. “Welcome to Paradise” imerekodiwa mara mbili: katika Kerplunk, kwa Lookout, na katika Dookie, kwa Reprise, chini ya prodyuza Rob Cavallo kwenye studio za Fantasy, Berkeley. Dookie ilichanganywa na Jerry Finn, ambaye baadaye aliitayarisha Enema of the State, albamu ya bendi ya Blink-182, kwa hiyo unachokisikia hapo kilirithiwa. Sikiliza toleo la kwanza, halafu la pili, bila kusoma uhakiki wowote. Andika kilichobadilika katika gitaa, katika dramu, katika sauti ya mwimbaji, na kisichobadilika kabisa. Karatasi hiyo ukiwa nayo mkononi, fungua sura ya kwanza.