Kahawa ikiuzwa, anza na dari kabla ya matofali

MWEZI wa Julai, ukungu unapolala juu ya mashamba ya kahawa ya Kingerikiti, ziko nyumba nzuri za matofali ya kuchoma na bati ambamo watu hulala na makoti yao. Nyumba hizo hizo, ifikapo Oktoba na Novemba kabla ya mvua, mchana hazikaliki. Mwenye nyumba aliuza kahawa, akaachana na nyasi, akaezeka bati na kuhesabiwa miongoni mwa walioendelea, lakini mama yake mzazi aliyebaki kwenye kibanda cha nyasi nyuma ya uwanja analala vizuri kuliko yeye.

Si jambo la kuchekesha. Pesa ya kahawa huja mara moja kwa mwaka. Ikishatoka ada za shule, mbolea na madeni ya dukani, kinachobaki ndicho cha nyumba, na kikitumika vibaya, marekebisho yatasubiri hadi msimu ujao. Kwa kawaida kinachobaki hununua kuni za tanuru na matofali ya chumba cha nyongeza, wakati vyumba vilivyopo bado vinapitisha upepo kama kichanja cha kuanikia mahindi.

Kosa haliko kwenye matofali. Liko juu. Paa la nyasi lina unene wa kiganja kimoja au zaidi, na ndani yake kuna hewa iliyotulia ambayo huzuia joto la jua mchana na baridi usiku. Bati ni jembamba kuliko ukucha. Jua likilipiga, joto humshukia aliye chini yake. Usiku ukiwa mweupe bila mawingu, bati hupoa haraka kuliko kitu kingine chochote cha nyumba. Kununua bati la geji nene hakusaidii hapo, maana geji huhusu kudumu na kustahimili upepo. Rangi husaidia kidogo. Bati jeupe hurudisha jua, na lile la rangi ya damu ya mzee, ambalo wengi hulipenda kwa kuwa hupendeza likionekana toka barabarani, hulimeza.

Kuna na ule uwazi kati ya ukuta na bati, ambao mafundi wengi huuacha bila kuuzungumzia. Hesabu yake ni rahisi. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mzunguko wa mita 28. Uwazi ukiwa wa sentimita 10 tu kuzunguka nyumba nzima, jumla yake ni mita za mraba 2.8. Mlango wa kawaida wa mita 2 kwa sentimita 80 una mita za mraba 1.6. Kwa hiyo familia hiyo hulala kila usiku na mlango wazi na dirisha kubwa wazi, kisha inashangaa kwa nini watoto hawaishi mafua.

Dawa ya kwanza ni dari, na si lazima iwe ya nyumba nzima. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3.5 kina mita za mraba 10.5 tu. Fito za mianzi au papi chache zikipigiliwa toka ukuta hadi ukuta, kisha mikeka au matete yaliyosukwa yakatandazwa juu yake, tayari kuna hewa iliyofungwa kati ya mlalaji na bati. Silingibodi ni nzuri zaidi kwa mwenye uwezo, lakini aliye na matete asiingoje. Kazi hii ifanyike kiangazi, matete yakiwa yamekauka, na matundu ya misumari kwenye bati yazibwe kwanza, kwani dari ikilowa huoza na kuangukia kitanda.

Baada ya dari huja nyufa. Udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na samadi ya ng'ombe huziba ufa wa ukuta bila kununua saruji. Madirisha ya mbao yaliyosinyaa hupigiliwa vibao vyembamba pembeni, na mfuko mrefu wa mchanga huwekwa nyuma ya mlango usiku.

Hapa kuna tahadhari ambayo isipofuatwa, heri baridi. Chumba chenye moto kisizibwe. Jiko la kuni likiwa ndani ya nyumba kubwa, ule uwazi wa juu ndio bomba la moshi. Aidha, jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumbani ili kuota usiku. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichozibwa vizuri huua watu usingizini. Anayetaka kuziba nyumba ajenge kwanza jiko la nje, hata la miti na udongo, na aliache wazi juu.

Kuhamisha jiko kuna gharama ambayo wanaume wengi huisahau na wanawake huikumbuka: mahindi yaliyohifadhiwa darini juu ya moshi hubaki bila kinga. Dumuzi hawachelewi. Ni vema basi mahindi yakaushwe sawasawa na kupukuchuliwa, kisha yatiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, au dungu la mahindi lihamie pamoja na jiko.

Ukishuka ziwani mambo hugeuka. Kadiri unavyopanda mlima, kila mita 1,000 hupunguza joto kwa takribani nyuzi 6. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 toka usawa wa bahari, na milima ya Umatengo hupita mita 1,500. Hata hivyo fundi huyo huyo, kwa ramani ile ile, hujenga Kingerikiti na kisha Mbamba Bay au Liuli, hasa tangu barabara ya kilomita 66 toka Mbinga ilipowekwa lami na bati kuanza kufika ufukweni bila shida. Mfanyabiashara mwenye shamba juu na duka chini hujikuta na nyumba mbili zenye ugonjwa mmoja.

Huko ufukweni asizibe. Afungue na kutia kivuli. Dari anaihitaji vilevile, maana bati la adhuhuri halina huruma, lakini juu ya dari aache matundu kwenye kuta za pembe tatu, pande zote mbili, ili hewa ya moto itoke. Madirisha yatazamane, na yote yawekewe wavu, kwani mbu wa malaria hupenda kuingia kwa ule uwazi wa juu. Ukuta wa magharibi upewe baraza au mwembe. Bidhaa kama sabuni na mafuta ya kupikia zisiegemezwe kwenye ukuta huo, maana jua la saa tisa alasiri huzifikia hata kupitia tofali.

Majaribio yapo hapa hapa nchini. Katika kijiji cha Magoda wilayani Muheza, Tanga, zilijengwa nyumba za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa zilikuwa na ubaridi zaidi kwa takribani nyuzi 2 kuliko nyumba za kawaida za jirani, na mbu walioingia walikuwa wachache. Lakini Muheza ni nchi ya joto. Mkulima wa Kingerikiti akiiga kuta zile atagandishwa na Julai ya kwanza. Alichukue wazo la wavu na kuwaachia watu wa ufukweni kuta zenyewe.

Kwa atakayebakiwa na kidogo baada ya mnada, mpangilio uwe huu: matundu ya bati, jiko la nje, dari ya chumba wanamolala watoto, kisha kuziba uwazi wa juu wa chumba hicho na kumwachia dirisha moja dogo lenye wavu. Tanuru la matofali lisubiri mwaka mwingine, na miti iliyokuwa ichomwe ibaki kuwa kivuli cha kahawa.