Chungu Si Mchwa: Biolojia na Tabia za Chungu katika Nchi Kavu ya Isiolo

Utangulizi

Rapsu ni eneo la Garba Tulla katika Kaunti ya Isiolo, nchini Kenya. Ni nchi kavu yenye migunga na vichaka vya miiba, ambako Waborana wamelisha mifugo yao kwa vizazi vingi, na ambako baadhi ya wakazi hulima kwa maji ya umwagiliaji. Mgeni anayezuru nchi ya namna hii huambiwa mapema habari za tembo na simba. Ni nadra kuambiwa habari za chungu, ilhali mdudu huyu yupo chini ya jiwe analolikalia, juu ya mgunga unaompa kivuli na kando ya mbegu za nyasi zilizoanguka njiani.

Makala haya yanakusudia kueleza biolojia na tabia za chungu wa nchi kavu, kwa kuanzia na majina yao katika Kiswahili. Aidha, yanaeleza yaliyotokea katika migunga ya Laikipia, kaunti inayopakana na Isiolo kwa upande wa magharibi, ambako mabadiliko ya chungu yamebadilisha hata windo la simba.

Majina na Mkanganyiko Wake

Neno chungu lina maana zaidi ya moja. Chungu cha kupikia huwa vyungu katika wingi. Chungu mdudu habadiliki umbo katika wingi, bali hutambulishwa na upatanisho: chungu huyu, chungu hawa. Kuna pia chungu yenye maana ya fungu kubwa la vitu, na kivumishi kinachohusu ladha ya shubiri. Pengine wingi huu wa maana ndio unaowafanya baadhi ya wazungumzaji wa leo kulikwepa neno hili na kumwita kila mdudu wa aina hii siafu, au, vibaya zaidi, mchwa.

Mchwa si chungu. Mchwa ni jamaa wa mende. Mwili wake ni laini na hauna kiuno chembamba, na watoto wake hukua hatua kwa hatua wakifanana na wakubwa. Katika kichuguu cha mchwa kuna mfalme na malkia wanaoishi pamoja, na wafanyakazi ni wa jinsia zote mbili. Kumbikumbi wanaoruka baada ya mvua ni mchwa waliokomaa na kuota mabawa. Chungu, kwa upande wake, ni jamaa wa nyigu na nyuki. Wadudu hawa wawili si ndugu, bali ni mahasimu wa kale, kwa maana chungu wengi huwinda mchwa.

Ndani ya kundi la chungu, Kiswahili kina majina ya kutosha. Sisimizi ni wale wadogo wanaofuata sukari jikoni. Nyenyere ni wadogo pia. Siafu ni wale wanaosafiri kwa misururu mirefu na kuuma bila huruma. Majimoto ni wekundu wanaokaa mitini, nao wamepewa jina kwa sababu ya maumivu ya kuuma kwao. Sungusungu ni wakubwa na weusi, na jina lao lilichukuliwa na vikundi vya ulinzi wa jadi vilivyoanzishwa na Wasukuma na Wanyamwezi nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliochagua jina hilo walijua tabia ya mdudu waliyemtaja.

Maumbile na Ukuaji

Wanasayansi wamekwisha kuzitambua na kuzipa majina spishi zaidi ya 14,000 za chungu duniani, zote zikiwa katika familia moja iitwayo Formicidae. Mwili wa chungu umegawanyika katika sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo, na kati ya kifua na tumbo pana kiuno chembamba chenye pingili moja au mbili. Vipapasio vyake vimepinda kama kiwiko cha mkono. Kwa vipapasio hivyo chungu hunusa, hugusa na kumtambua mwenzake wa kiota kimoja.

Ukuaji wa chungu hupitia hatua nne: yai, buu, pupa na mdudu kamili. Buu halina miguu wala macho, hivyo hutegemea kulishwa. Jinsia huamuliwa kwa njia isiyo ya kawaida: yai lililorutubishwa huwa jike, na lisilorutubishwa huwa dume. Wafanyakazi wote wanaoonekana wakibeba, wakichimba na wakipigana ni majike. Hata wale wenye vichwa vikubwa wanaoitwa askari ni majike. Madume huzaliwa kwa kazi moja tu ya kujamiiana, kisha hufa.

Kwa spishi nyingi, kujamiiana hufanyika angani katika msimu wa mvua. Baada ya hapo malkia hushuka, huyakata mabawa yake mwenyewe, huchimba shimo na kutaga mayai ya kwanza. Tangu siku hiyo hutumia mbegu aliyoipokea mara moja kwa maisha yake yote, nayo maisha hayo yanaweza kuwa marefu. Malkia mmoja wa spishi ya Lasius niger aliishi maabarani kwa zaidi ya miaka 28.

Neno malkia lisimpoteze msomaji. Malkia wa chungu hatoi amri. Kazi ya koloni huratibiwa kwa feromoni, yaani kemikali ambazo chungu huzitoa na wenzake kuzinusa. Aliyepata chakula huburuta tumbo lake chini akirudi kiotani, na kuacha harufu ambayo wengine huifuata. Kadiri wanaofuata wanavyoongezeka, ndivyo njia inavyozidi kunukia. Chakula kikiisha, harufu hufifia na njia husahauliwa. Hali kadhalika, chungu ana matumbo mawili: moja la kumeng'enya chakula chake mwenyewe, na jingine la kuhifadhi kimiminika anachowatapikia wenzake wenye njaa.

Makundi na Mbinu za Maisha

Tofauti kubwa miongoni mwa chungu imo katika namna wanavyopata riziki. Mifano minne itatosha.

Kwanza, kuna siafu, ambao wanasayansi huwaweka katika jenasi ya Dorylus. Wafanyakazi wao ni vipofu, na malkia wao hana mabawa kamwe. Koloni moja inaweza kuwa na mamilioni ya chungu. Hawana makao ya kudumu, bali huhama pindi mawindo yanapopungua. Nyumba iliyopitiwa na siafu husafishwa mende, panya na viroboto, ingawa wenyewe hulazimika kuipisha kwa muda.

Pili, wapo wawindaji wa mchwa. Megaponera analis, chungu mkubwa mweusi wa namna ya wale waitwao sungusungu, hutoka kwa safu kuvamia mchwa wakiwa kazini. Utafiti uliofanywa nchini Kodivaa na Erik Frank pamoja na wenzake, na kuchapishwa kuanzia mwaka 2017, ulionyesha kwamba majeruhi wa vita hivyo hubebwa na wenzao hadi kiotani, ambako vidonda vyao hulambwa. Waliotibiwa hivyo walikufa kwa kiasi cha asilimia 10 tu, ilhali waliozuiliwa kupata matibabu walikufa kwa kiasi cha asilimia 80 ndani ya siku moja. Baadaye, mwaka 2023, ilielezwa kwamba chungu hawa hukitambua kidonda kilichoambukizwa na kukipaka dawa ya kuua vijidudu inayotoka katika tezi ya kifuani mwao.

Tatu, kuna majimoto, Oecophylla longinoda, ambao ni wengi zaidi katika mwambao. Hawa hushona majani kwa uzi wa hariri unaotolewa na mabuu yao. Mfanyakazi hulishika buu kwa taya na kulipitisha huku na huku kama fundi na sindano yake. Katika miaka ya 1950, M. J. Way alichunguza minazi ya Zanzibar na kueleza jinsi majimoto wanavyoilinda dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa na kuzifanya zianguke.

Nne, wapo wavunaji wa mbegu, mmojawapo akiwa Messor cephalotes wa Afrika Mashariki. Hawa hukusanya mbegu za nyasi na kuziweka ghalani chini ya ardhi. Mbegu nyingine huanguka njiani au hutupwa pamoja na taka za kiota, na hapo huota. Hivyo mvunaji huwa pia mpanzi, jambo lenye maana kwa kila mfugaji anayetegemea malisho.

Migunga, Chungu na Simba wa Laikipia

Katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa Laikipia huota mgunga mfupi uitwao kisayansi Vachellia drepanolobium. Baadhi ya miiba yake imefura chini na kuwa vinundu vyenye uwazi ndani. Chungu hutoboa vinundu hivyo na kuishi humo, na upepo ukipita kwenye matundu mti hulia kama filimbi. Mti huwapa chungu nyumba pamoja na mbochi inayotoka kwenye majani. Chungu, kwa malipo, huwashambulia wanyama wanaokuja kuyala majani.

Spishi nne hugombania miti hii, na kwa kawaida mti mmoja hukaliwa na koloni ya spishi moja. Crematogaster mimosae hutumia vinundu na mbochi, nao huulinda mti kwa ukali. Crematogaster nigriceps hula machipukizi ili matawi yasiguse mti wa jirani mwenye maadui. Tetraponera penzigi huharibu vitoa mbochi vya mti, na hivyo kuufanya usitamaniwe na wapinzani wenye nguvu zaidi. Crematogaster sjostedti huishi katika mashimo yaliyotobolewa na mabuu ya mbawakawa, na ulinzi wake ni hafifu.

Katika kituo cha utafiti cha Mpala, sehemu za mbuga zilizungushiwa uzio kuanzia mwaka 1995 ili wanyama wakubwa wasiingie. Mtu angetarajia miti isiyoliwa inawiri. Todd Palmer na wenzake walichapisha matokeo ya kinyume mwaka 2008. Miti iliyokosa kuliwa kwa miaka kumi ilipunguza vinundu na mbochi. Chungu walinzi walipungua nguvu, C. sjostedti wakachukua nafasi, mbawakawa wakatoboa mashina, na miti iliyokaliwa na chungu hao ikakua polepole na kufa zaidi. Ulinzi ulikuwa mkataba, na mkataba huo ulidumishwa na adui.

Tembo nao wanaujua mkataba huo. Jacob Goheen na Palmer walionyesha mwaka 2010 kwamba tembo huiepuka miti yenye chungu, na huila ile ile chungu wanapoondolewa. Ngozi ya tembo ni nene, lakini ndani ya mkonga wake ni laini.

Hatari imekuja na chungu mgeni. Pheidole megacephala, chungu mwenye kichwa kikubwa anayedhaniwa kuwa na asili katika kisiwa cha Bahari ya Hindi, aliingia Laikipia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huwaua chungu wenyeji wa migunga, na yeye mwenyewe hailindi miti. Utafiti ulioongozwa na Mkenya Douglas Kamaru na kuchapishwa mwaka 2024 ulifuatilia matokeo yake katika hifadhi ya Ol Pejeta. Pale alipoenea mgeni huyo, tembo walivunja miti kwa kiwango cha mara tano hadi saba zaidi. Miti ilipopungua, simba walikosa maficho ya kuwavizia punda milia. Kati ya mwaka 2003 na 2020, sehemu ya punda milia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 hadi 42, na ya nyati ikapanda kutoka sufuri hadi asilimia 42. Simba hawakupungua, kwa kuwa walihamia kwa nyati. Lakini nyati ni windo gumu na la hatari.

Chungu kama Mali

Thamani ya chungu imefika hata mahakamani. Mwezi Mei 2025, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwahukumu watu wanne waliohusika na ulanguzi wa chungu, wengi wao wakiwa malkia wa Messor cephalotes, waliofungiwa katika mirija yenye pamba. Wawili kati yao walikutwa na chungu wapatao 5,000. Walitozwa faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miezi kumi na miwili. Walengwa wa biashara hiyo ni watu wa ng'ambo wanaofuga chungu kama wengine wanavyofuga samaki wa mapambo. Kila malkia anayechukuliwa ni koloni nzima isiyozaliwa, na wavunaji wa mbegu waliopungua kwa kiasi hicho katika nchi ya malisho.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba chungu ni jamii kubwa yenye maumbile ya aina moja na mbinu nyingi za maisha. Yameonyesha pia kwamba kuondoka kwa chungu mmoja kunaweza kuangusha mti, kumnyima simba maficho na kubadilisha chakula chake. Yaliyotokea Laikipia ni onyo kwa nchi jirani za migunga, Rapsu ikiwemo. Chungu mgeni husafiri kimyakimya ndani ya udongo wa miche na mizigo, na mkulima anayeleta miche kutoka mbali anapaswa kumjua.

Hata hivyo, mkulima hawezi kuonywa kwa lugha iliyochanganya mambo. Akiambiwa ajihadhari na "mchwa wageni", atakwenda kuchunguza kichuguu na kumwacha adui apite. Inapendekezwa, basi, kwamba waandishi wa vitabu vya shule, watangazaji na wafasiri wazingatie tofauti ya chungu na mchwa, na wayarudishe katika matumizi majina ya siafu, sisimizi, nyenyere, majimoto na sungusungu kila moja mahali pake. Aidha, wanafunzi wa Kiswahili watokao Isiolo na kaunti jirani wana nafasi ya kuwauliza wafugaji wazee majina ya chungu katika lugha zao na kuyaandika pamoja na maelezo ya tabia za kila mmoja, kabla ya wazee hao kuondoka na ujuzi huo.